Kalamu ya Gavana

Vikao vya Bunge vinapokaribia, Dumila hujua mapema. Mashangingi yenye vioo vyeusi huanza kupita kwa fujo yakitokea Morogoro, yanakata njiapanda ya Kilosa na kuitafuta Gairo, na baada ya hapo Dodoma. Moja moja husimama. Kioo kinateremka, mheshimiwa anauliza bei ya tenga la nyanya, anapunguziwa kidogo, anaondoka. Kwa wakazi wengi wa mji huu, ulio kilomita 70 hivi kutoka Morogoro mjini, hapo ndipo wanapomkaribia mtunga sheria kwa mwaka mzima, ukiacha msimu wa kampeni.

Lakini sheria inayosema mkulima wa Dumila analima ardhi ya nani ina safari ndefu kuliko ya mheshimiwa. Haikuanzia Dodoma, na ilipofika Dodoma mambo mengi yalikwishaamuliwa kwingine. Anayetaka kuelewa Bunge linavyofanya kazi anaweza kusoma Katiba na Kanuni za Kudumu akamaliza kwa wiki moja. Mimi naona ni afadhali kuishika sheria moja na kuifuata kutoka ilikozaliwa mpaka shambani. Kwa wilaya ya Kilosa, sheria hiyo haiwezi kuwa nyingine zaidi ya sheria ya ardhi.

Mwanzo wake ni amri. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kaiser wa Ujerumani ilitangaza kuwa ardhi yote ya koloni lake la Afrika Mashariki isiyo na mwenyewe anayetambulika ni mali ya Dola. Walowezi walikuwa na hati, wenyeji walikuwa na makaburi ya babu zao, na makaburi hayakuhesabiwa kuwa hati. Reli ya kati ilipopita Kilosa, mashamba makubwa yalifuata, na mkonge ukatanda Kimamba na Rudewa. Mipaka ya baadhi ya mashamba hayo inagombaniwa mpaka leo.

Waingereza walipochukua Tanganyika, Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 ilimpa Gavana mamlaka ya kutunga sheria. Hakukuwa na baraza la kutunga sheria wala mjadala. Horace Byatt, Gavana wa kwanza, angeweza kuandikiwa sheria asubuhi akaisaini kabla ya chakula cha mchana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitoka kwa njia hiyo. Ilisema ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma, ipo chini ya usimamizi wa Gavana, naye ataitumia kwa manufaa ya wenyeji. Ukiisoma haraka utaiona ya huruma, kwa kuwa ilizuia walowezi wasijitwalie nchi kama walivyofanya kwa jirani zetu wa Kenya. Ukiisoma taratibu utaona kuwa mwenyeji alipewa manufaa na Gavana akapewa mamlaka. Tuikumbuke sentensi hiyo ya sheria, maana imeishi kuliko kila aliyeiandika.

Miaka mitatu baadaye likaja Baraza la Kutunga Sheria. Lilikutana kwa mara ya kwanza Dar es Salaam tarehe 7 Desemba 1926, chini ya Gavana Donald Cameron. Wajumbe walikuwa 20, wote wa kuteuliwa, wengi wao wakuu wa idara za serikali waliotakiwa kupiga kura upande wa serikali wapende wasipende. Mwafrika hakuwamo. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, waliingia mwaka 1945, na Gavana aliendelea kukikalia kiti cha mbele mpaka Spika alipoteuliwa mwaka 1953.

Hata hivyo desturi za kazi zilizoletwa na baraza lile kutoka London hazikuondoka nalo. Muswada husomwa mara tatu, mjadala hufuata Kanuni za Kudumu, siwa hutangulia, na kura hupigwa kwa sauti. Mwaka 1928 baraza hilo liliirekebisha Sheria ya Ardhi ili mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila na desturi ahesabiwe kuwa na haki ya kuimiliki, hata bila karatasi. Kifungu hicho kifupi ndicho kilichokuja kuwa ngao ya mkulima miaka 66 baadaye, mahakamani, na tutafika huko.

Kwa mtu wa Morogoro wa enzi zile, Baraza la Dar es Salaam lilikuwa jambo la kusikia. Sheria iliyomfikia mlangoni ilitungwa Bomani. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu na watemi mamlaka ya kutoa amri na kuandika sheria ndogo, mradi mkuu wa wilaya ameridhia. Na mara nyingi mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa ameleta wazo. Katika milima ya Uluguru wazo lilikuwa matuta. Kuanzia mwaka 1950, chini ya mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, wakulima walilazimishwa kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ngumu, na kwa sehemu nyingi ilifukua udongo mbaya na kuufukia ule mzuri. Aliyekaidi alitozwa faini. Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Haikuchukua muda mpango ukaachwa.

Nawataja Waluguru wa Matombo kwa sababu maalumu. Hakuna mjumbe aliyesimama Dar es Salaam kujadili upana wa tuta. Madaraka hayo yalikwishakabidhiwa kwa wengine kwa sheria ya kurasa chache, nao wakayatumia. Bunge la leo linafanya vivyo hivyo kila mwaka linapoandika kuwa waziri anaweza kutunga kanuni, au halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo. Faini ya ng'ombe aliyeingia mjini na ada ya kibanda cha sokoni ni mambo ambayo kwa kawaida hayajasomwa mara tatu popote Dodoma.

Uchaguzi wa kwanza wa kuwapata wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ulipokuja, Morogoro ilijikuta katikati ya uwanja. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake ingeharibika. Ili kuandikishwa ulihitaji kuwa na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kazi fulani inayotambuliwa. Chama cha TANU kiliuma meno, kikakubali kushiriki katika mkutano wake wa Tabora Januari 1958, na Septemba mwaka huo kiongozi wake, Julius Nyerere, akasimama Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Morogoro. Mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, kiongozi wa jadi wa Waluguru. Kunambi hakuwa kibaraka wa kuokotwa. Alikuwamo miongoni mwa watu 17 walioianzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Nyerere alipata kura 2,628, Kunambi 802. Jumlisha: kura 3,430 kwa jimbo zima la zama hizo, lenye wilaya kadhaa na maelfu kwa maelfu ya wakulima. Hapo ndipo unapoona sharti la pauni 150 lilivyofanya kazi yake.

Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta mapendekezo ya kuanzisha umilikaji binafsi wa moja kwa moja kwa wenyeji, ardhi iuzike na inunulike kama mali nyingine. Nyerere alijibu kwa kijitabu, Mali ya Taifa. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa katika nchi ya masikini, baada ya muda wachache watakuwa wenye ardhi na waliobaki watakuwa wapangaji katika nchi yao. Hoja ilishinda. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, na Jamhuri mwaka uliofuata, Sheria ya Ardhi ya 1923 haikufutwa. Ilifanyiwa marekebisho madogo: palipoandikwa Gavana pakaandikwa Rais.

Sidhani kama wakati ule kuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Gavana alikuwa mgeni, Rais alikuwa wetu. Mwaka 1963 Bunge liliondoa umilikaji wa kudumu walioachiwa walowezi na kuugeuza kuwa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka huohuo likafuta utawala wa machifu. Sheria moja baada ya nyingine ilipita bila jasho, na kuanzia 1965, chini ya chama kimoja, mwenye hoja nzito aliipeleka kwenye Halmashauri Kuu ya chama kabla ya kufikiria Bunge. Operesheni Vijiji, ya kuwakusanya watu katika vijiji, ilipoanza, watu walihamishwa kwanza na malori na migambo. Sheria ya kuvisajili vijiji ilikuja mwaka 1975, wakati familia nyingi zimeshalala kwenye nyumba mpya siku nyingi tu. Nani aliondolewa kwenye shamba la nani, na kwa haki gani, Bunge halikuuliza.

Miaka ya themanini ikaleta deni. Soko lilipofunguliwa, wawekezaji wakaanza kutafuta mashamba, waliohamishwa wakataka kurudi kwenye mahame yao, na wafugaji waliosukumwa kutoka kaskazini wakashuka na mifugo mpaka mabonde ya Kilosa na Mvomero, ambako Waparakuyo walikuwa wameshaishi miaka mingi pamoja na Wakaguru na Wasagara. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, mwenyekiti akiwa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka Tanzania Bara, ikasikiliza watu kwenye mikutano ya hadhara, ikatoa ripoti yake mwishoni mwa 1992.

Kiini cha ripoti kilikuwa kuichukua ile sentensi ya 1923 na kuing'oa. Tume ilipendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yatoke mikononi mwa Rais. Ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji chenyewe, na ardhi nyingine ya taifa isimamiwe na chombo kitakachowajibika kwa Bunge. Zaidi ya hapo, misingi hiyo iandikwe ndani ya Katiba. Sababu ni ya kihesabu. Sheria ya kawaida hupita kwa wingi wa kawaida wa kura za waliomo ukumbini, lakini Katiba haibadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo mengine theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande peke yake. Kilichofungiwa humo hakifunguliwi kirahisi.

Wakati tume inamalizia kazi, Bunge lilipitisha Sheria Namba 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni na kuzizuia mahakama zisisikilize kesi za waliodai mashamba yao ya zamani. Serikali iliunda tume iwaulize wananchi, na serikali hiyohiyo ikapeleka muswada kabla ya kusikia majibu. Sheria haikudumu. Familia ya Lohay Akonaay ilikwenda Mahakama Kuu ya Arusha, serikali ikashindwa na kukata rufaa, na mwishoni mwa 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikaamua kuwa haki ya mtu kwenye ardhi aliyoikalia kwa mila ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kile kifungu cha 1928 hakikuwa kimekufa. Na wabunge walijifunza kuwa kuna mlango mwingine nyuma yao: wanachokipitisha kwa sauti ya ndiyo kinaweza kutenguliwa kwa hukumu.

Kuhusu ripoti ya Shivji, serikali ilikataa sehemu kubwa ya kiini chake. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ilisema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Aliyepewa kazi ya kuandika muswada alikuwa Patrick McAuslan, profesa wa sheria Mwingereza, na rasimu yake ilitoka Novemba 1996, ndefu na kwa Kiingereza.

Hapa inafaa kueleza muswada unapita wapi, kwa kuwa wengi tunauona unapofika kwenye televisheni tu. Wizara huandika waraka kwenda Baraza la Mawaziri. Ukikubaliwa, Mwandishi Mkuu wa Sheria na watu wake huugeuza kuwa vifungu. Kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ili yeyote ausome kabla haujafika mezani, isipokuwa Rais awe ametia saini hati ya dharura. Siku ya Kusomwa kwa Mara ya Kwanza, Katibu hutaja jina lake tu na hakuna mjadala. Spika huupeleka kwenye kamati inayohusika, na kamati huwaita wadau. Mbunge mmoja mmoja naye anaweza kuleta muswada wake binafsi, lakini ukigusa kodi au matumizi ya fedha za serikali, ibara ya 99 inataka Rais aridhie kwanza kupitia kwa waziri. Ndiyo maana karibu sheria zote unazozijua ziliandikwa serikalini.

Kwa muswada wa ardhi, ubishi mkubwa ulifanyika nje ya ukumbi, kati ya rasimu na Gazeti. Mei 1997 asasi na watu binafsi walikutana wakatoa Azimio la Uhai, wakidai mambo ambayo tume ya Shivji ilikuwa imeyasema. Sambamba nao, asasi za wanawake wakiwamo wanasheria wa TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, walichagua mkakati mwingine. Waliacha ugomvi wa nani ashike hatimiliki ya mwisho, wakajielekeza kwenye vifungu: mjane, mke, binti. Walichapisha vipeperushi, wakawafuata wabunge mmoja mmoja.

Wa kwanza walishindwa. Wa pili walipata walichokitaka, na ukisoma kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji utakikuta kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kuna waliosema hawa waliuza hoja kubwa kwa hoja ndogo. Sikubaliani nao. Bunge lile lilichaguliwa mwaka 1995, na chama tawala, CCM, kilikuwa na majimbo 186 kati ya 232. Mamlaka ya Rais hayakuwa na uwezekano wowote wa kuguswa humo. Kifungu cha 20 kiliwezekana, kikapatikana.

Rasimu ya McAuslan iligawanywa ikawa miswada miwili, mmoja wa ardhi kwa ujumla na mwingine wa ardhi ya vijiji, yote ikafika Bungeni Dodoma na kupitishwa Februari 1999, Spika akiwa Pius Msekwa. Katika Kusomwa kwa Mara ya Pili waziri hueleza madhumuni, mwenyekiti wa kamati akatoa maoni, msemaji wa upinzani akafuata, na wabunge wakachangia kwa dakika zilizopimwa. Baada ya hapo Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, Spika akageuka kuwa mwenyekiti. Hii ndiyo sehemu ya kazi hasa, na ndiyo inayochosha kutazama. Katibu anaita kifungu cha kwanza. Mwenyekiti anauliza kama kinaafikiwa. Mwenye marekebisho anasimama na jedwali lake, waziri anakubali au anakataa, kura ya sauti inapigwa, kifungu cha pili kinaitwa. Wanaoafiki, ndiyo. Wasioafiki, siyo. Walioafiki wameshinda. Sheria ya Ardhi ina vifungu zaidi ya 180, ya vijiji zaidi ya 60, na baada ya saa kadhaa za ndiyo hata mbunge makini huanza kutazama saa.

Pengine ndiyo maana sheria hizo pacha zilitoka na kasoro ambayo imewasumbua wanavijiji tangu siku ile. Sheria ya Ardhi, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haina maneno hayo. Sasa fikiria mbuga ya malisho kiangazi, wafugaji wamehama kufuata maji, hakuna ng'ombe wala boma. Je, inatumika? Kwa sheria moja ni ya kijiji. Kwa nyingine, ofisa anaweza kusema ni ya jumla, na ardhi ya jumla hugawiwa na Kamishna wa Ardhi.

Jambo lingine dogo la kusema kando. Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar ina Baraza lake la Wawakilishi, lililotunga sheria yake ya umilikaji wa ardhi mwaka 1992, na sheria za ardhi zinazotungwa Dodoma haziigusi. Lakini wabunge wa majimbo ya Zanzibar, pamoja na watano wanaotumwa na Baraza hilo, hukaa Dodoma na kura zao huhesabiwa hata kwa mashamba ya Kilosa. Watu wa Bara hulalamika mara chache mno juu ya hilo, nami sijui kama ni uungwana au ni kutojua.

Rais Benjamin Mkapa aliitia saini miswada hiyo miwili Mei 1999. Kwa mujibu wa Katiba, Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge, kwa hiyo saini hiyo ni sehemu ya kutunga sheria. Rais akikataa, anaurudisha muswada na sababu zake. Bunge likiusimamia tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote ndani ya miezi sita, inambidi asaini ndani ya siku 21 au alivunje Bunge. Silaha hiyo ni kubwa mno kwa yeyote kuitumia.

Na bado haikuwa sheria ya kutumika. Siku ya kuanza iliachwa kwa waziri aitangaze. Kanuni ziliandikwa, fomu zikachorwa, miezi ikapita. Desemba 2000, sheria ikiwa na saini ya Rais lakini haijaanza, mgogoro wa wakulima na wafugaji ulilipuka Rudewa Mbuyuni, kijiji kilicho upande wa Kilosa ukitokea Dumila. Watu 38 waliuawa. Sheria iliyokuwa na vifungu vya mabaraza ya usuluhishi na vya vijiji jirani kukubaliana juu ya matumizi ya pamoja ya malisho ilikuwa inangoja tangazo. Ilianza tarehe 1 Mei 2001. Siwezi kudai kuwa ingeanza mapema damu isingemwagika. Baraza la kijiji si polisi. Lakini mtu akiuliza muda kati ya saini na tangazo una maana gani, Kilosa ina jibu lake.

Tangu hapo kila kijiji kimetakiwa kuwa na Baraza la Ardhi la watu saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Mkutano mkuu ndio unaoamua juu ya kugawa ardhi, na hata ombi la kuhamisha eneo lisilozidi hekta 250 kwenda ardhi ya jumla haliwezi kupita bila ridhaa yake. Kijiji nacho kimekuwa mtunga sheria mdogo. Halmashauri ya kijiji inaandika sheria ndogo, tuseme ya njia ya mifugo kwenda mtoni, mkutano mkuu unaijadili, inapita kwenye kata, kisha madiwani wa wilaya wanaidhinisha. Ukitaka kuona hatua zilezile za Dodoma bila viyoyozi, nenda kwenye mkutano kama huo mwezi wa Juni, kabla mahindi hayajaisha shambani. Mtendaji anasoma kifungu kwa sauti, wanaokubali wanainua mikono, na mzee mmoja wa kifugaji anaomba kirudiwe kwa sababu upana wa njia uliotajwa hautoshi ng'ombe wake. Ubishi huo mara nyingi ni wa kina kuliko wa kamati yenye posho.

Lakini sheria ndogo haivuki mpaka wa kijiji. Mgogoro wa Mabwegere, kijiji cha wafugaji kisicho mbali na Dumila, na majirani zake wakulima, ulipanda mpaka Mahakama ya Rufani, nacho kikapewa haki. Majirani hawakuridhika. Wakulima wa eneo la Dumila wamewahi kwenda barabarani wakaifunga barabara kuu, mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili. Waliifunga hiyo ya Dodoma kwa kujua inapeleka nani na wapi. Hawakuwa wanataka hukumu, walikwishakuwa nayo ya kutosha. Walitaka Rais au Waziri Mkuu asikie.

Na kwa sheria ilivyo, hawakukosea anwani. Hatimiliki ya mwisho ilibaki kwa Rais mwaka 1999 kama ilivyokuwa kwa Gavana mwaka 1923, na John Magufuli alipokuwa madarakani alifuta hati za mashamba kadhaa makubwa yasiyoendelezwa wilayani Kilosa, mengine yarudi kwa wananchi. Walioshangilia walikuwa na haki ya kushangilia. Mamlaka ambayo tume ya Shivji ilitaka yaondoke Ikulu ndiyo yaliyowapa ekari. Ni mamlaka hayohayo yanayoweza kuzichukua, na kati ya siku hizo mbili mbunge wa Kilosa, awe nani, anabaki na kazi ya kuomba. Jimbo hilo limewahi kuwakilishwa na waziri wa fedha, Mustafa Mkulo, na tangu 2020 na Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria aliyeshika Wizara ya Katiba na Sheria. Ni vigumu kupata jimbo lililokaa karibu zaidi na kalamu.

Sheria yenyewe imeguswa mara kadhaa. Mwaka 2004 mabenki yalipata marekebisho ya rehani yaliyoyataka, kwa haraka ambayo wanavijiji hawajawahi kuipata. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo muswada wa siku za usoni mkulima ataweza kuusoma mwenyewe. Machi 2025 serikali ilizindua Sera ya Taifa ya Ardhi iliyopitiwa upya, nayo sera mpya kwa kawaida huzaa muswada. Ukitangazwa, kamati itawaita wadau, na maoni ya maandishi hupokewa hata kwa asiyeitwa. Mahali pa kuanzia ni fasili ya ardhi ya jumla, katika kifungu cha 2 cha Sheria ya Ardhi, kwenye yale maneno ya ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kuyafuta kunahitaji jedwali la marekebisho la mstari mmoja na mbunge mmoja wa kusimama nalo.